Masereka Yashuka Baharini

Mtu wa Masereka akitaka kuona bahari, nchi yake mwenyewe haimsaidii. Pwani ya Kongo ina urefu wa kilomita 40 hivi tu, kule Muanda, karibu kilomita 2000 kutoka Masereka kwa mstari ulionyooka, na katikati ni msitu. Bahari ya Hindi iko jirani zaidi. Basi kijana mmoja wa kwetu milimani, mtoto wa wakulima wa viazi, alipopata nafasi katika kozi ya vitendo ya viumbe vya bahari huko Unguja, alipitia Butembo, Beni, mpaka wa Kasindi, Kampala na Dar es Salaam, kisha akapanda boti. Mama yake alimfungia sweta mbili. Sasa anazilalia kama mto.

Nyumbani wanangoja habari za papa. Yeye anaandika habari za kitanda.

Alipanga gesti mjini kwa sababu ya bei, na masomo yako Paje, pwani ya mashariki, zaidi ya saa nzima kwa daladala. Hilo angelivumilia. Kilichomshinda ni mwezi. Wakati wa bamvua bahari ya Unguja hupanda na kushuka kama mita 4, na kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi. Masomo nayo hufuata maji: leo mwalimu anasema saa nne asubuhi, kesho karibu saa tano, keshokutwa jua la utosi. Mpishi wa gesti naye hupakua saa saba kamili, bila huruma. Saa saba kijana yuko nje kwenye matumbawe anahesabu majongoo bahari, ndani ya bote zake za mpira za shambani, zilizojaa maji hadi shingoni. Akirudi jioni, wali wake umeshapata mwenyewe: paka.

Akahamia Paje, kwa mama mmoja mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza Unguja mwaka 1989, na kinamama wanaokifanya hawatazami jedwali lolote. Maji yakitoka wanaingia, yakirudi wanapika. Hapo ndipo kijana alipoanza kula chakula cha moto.

Siku moja kozi ilivuka hadi kisiwa cha Chumbe, penye mnara wa taa wa mwaka 1904 na hifadhi ya matumbawe tangu 1994. Nyumba za wageni ni 7 tu. Maji ya kuoga ni ya mvua, yakingwayo na paa. Choo hakina maji ya kuvuta, ili uchafu usitiririkie baharini. Baba yake aliposikia, aliuliza kwa simu kama ni kweli Wazungu hulipa dola nyingi kwa choo ambacho Masereka ni bure.

Wanaomfuata wapange chumba kijijini, si mjini. Na ninyi wa nyumbani, makayabo, samaki wetu wa chumvi, msimtumie tena: mama wa Paje aliyanusa, akauliza yule samaki aliugua nini.