Kihisishi cha Gunia Moja
Machi 17, 2020 Serikali ilipotangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, nilijiona mwalimu wa kisasa. Nikakusanya namba za simu za Kidato cha Kwanza, nikaunda kundi la WhatsApp na kuandika: "Wanangu, masomo yanaendelea." Jibu la kwanza likaingia: "Mwl, mwenye simu kaenda Lupiro, anarudi keshokutwa. Mimi shemeji yake."

Ndipo nilipotambua kwamba sina darasa. Nina akina baba kumi na mmoja, akina mama saba, bodaboda mmoja na shemeji.

Ikafika Mei, mpunga umeanza kuiva. Hapa Ifakara mpunga ukiiva, mtoto hana likizo: anakwenda shamba kuamia ndege. Mada yangu ilikuwa aina za maneno, nikauliza: "Kihisishi ni nini? Toa mifano mitatu." Mwanafunzi mmoja akajibu kwa sauti akiwa juu ya dungu, kwani mtandao nao ulikuwa hukohuko juu. "Shikamoo Mwalimu. Kihisishi ni neno linaloonyesha... haaa! Swaa! Wee! Tokeni!... hisia za msemaji." Nikampa alama zote, nikakata nusu tu kwa sababu "tokeni" ni kitenzi. Kweleakwelea hawakukata rufaa.

Balaa langu lilikuja usiku. Bwawa la Kidatu, lililo wilayani kwetu, lina mitambo ya megawati 204, lakini usiku huo umeme ulikatika na simu yangu ilibakiwa na asilimia nne. Gizani, mkono mmoja ukipiga mbu, nikamrekodia jirani ninayemdai: "Ala! Bwana we, gunia langu la mpunga unarudisha lini? Lo! Mtu mzima unajificha! Ebo!" Nikatuma. Simu ikazima.

Asubuhi niliichaji kibandani. Meseji 23, zote za kundini. Kumbe yule jirani hakupata kitu. Darasa ndilo lililopata.

"Mwl, vihisishi ni ala, lo na ebo," aliandika wa kwanza. Wa pili akaongeza kwamba "lini" ni kiulizi. Sijawahi kuona darasa likielewa mada kwa kasi ile. Lakini kilichonimaliza ni wazazi wawili walioomba radhi na kuahidi kuleta gunia. Mimi nilikuwa namdai mtu mmoja tu, na hakuwa na mtoto shuleni kwetu.

Juni 29 shule zikafunguliwa. Getini nikamkuta mzee mmoja na baiskeli, gunia limefungwa nyuma kwa mpira.

"Mzee wangu, shikamoo. Sikuwa nakudai wewe."

"Ebo!" akasema, akaanza kuigeuza baiskeli. Hatua tatu mbele akasimama.

"Mwalimu, na hiyo nayo ina alama?"