Sifa za Der, Die na Das

Watu wamezoea kuisifu lugha kwa mashairi yake na kwa wingi wa maneno yake, na katika mlango huo Kijerumani hakikukosa wasifu. Lakini mimi, niliyeionja lugha hiyo kwa machozi katika mji wa Leipzig, naona ni dhuluma iliyokithiri kwamba vijineno vitatu, der na die na das, vinavyotangulia mbele ya kila jina kama mpiga zumari mbele ya bwana arusi, havijapata mtu wa kuvitaja kwa wema. Mark Twain, yule Mmarekani bingwa wa mizaha, alivikejeli hadharani katika kitabu alichokitoa mwaka 1880, na kila mwanafunzi aliyekuja nyuma yake ameitikia amina. Mimi leo nimekuja kuvitetea.

Nianze na adabu yake. Kwetu pwani mtoto aliyelelewa hamwiti mtu mzima kwa jina tupu. Atasema Mzee fulani, Bibi fulani, Sharifu fulani, na akithubutu kulitamka jina pasi na lakabu, wakubwa watamtazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Mjerumani ameifikisha heshima hiyo mpaka jikoni. Mezani kwake kijiko ni bwana, der Löffel. Uma ni bibi, die Gabel. Na kisu, ambacho kwa ukali wake ungekidhania ndicho dume la nyumba, ni das Messer, si mume wala si mke, kimekaa baina yao kama kadhi asiyeelemea upande wowote. Ni nani mwingine katika walimwengu aliyemfikiria kijiko kwa taadhima kama hiyo?

Wapo wanaouliza ni kwa hekima gani msichana, das Mädchen, akatiwa katika jinsia hiyo ya tatu, ilhali sketi aliyoivaa ni ya kiume, der Rock, na tai ya babake ni ya kike, die Krawatte. Jawabu lipo: kila jina linalodogoshwa kwa kufungwa mkia wa -chen huangukia das, liwe la mtu, la paka au la mkate. Nasi Waswahili tusiwe wepesi wa kucheka, maana kwetu mtu akidharauliwa huitwa kijitu, akasukumwa kundi moja na vikombe na viatu.

Aliyesoma nahau ya Kiarabu huingia katika elimu hii na akiba ndogo. Kwa Waarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume. Mjerumani naye asema die Sonne na der Mond. Nilipoyaona hayo juma la kwanza nilidhani shekhe wangu na mwalimu wangu wa Leipzig wamesoma kwa mtu mmoja. Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumatano, tulipofikishwa kwa der See, ambalo ni ziwa, na die See, ambayo ni bahari.

Kisha utazame uwekevu wa vijineno hivi. Sarufi yao ina hali nne, ya mtendaji, ya mtendwa, ya mtendewa na ya mmiliki; zizidishe kwa jinsia tatu, utie na wingi, utapata nafasi 16, na nafasi zote hizo hushikwa na maneno sita tu, kama maskini mwenye kanzu moja aendayo nayo arusini, matangani na msikitini. Yule der uliyemzoea asubuhi kuwa bwana wa kijiko, jioni mtu akila kwa uma, mit der Gabel, utamkuta amejitanda buibui.

Siku moja nilikwenda dukani kununua ufagio. Njia nzima nilikuwa nikilirudia neno lenyewe, Besen, nikilijua kama jina langu, ila jinsia yake sikuijua, na muuzaji, mama wa makamo, alikuwa ameniwekea macho, viganja vyake juu ya meza. Hapo hila ikanijia. Katika wingi jinsia zote huwa die, na mtu akitaja idadi hana haja hata ya hiyo. "Zwei Besen, bitte," nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye nyumba kubwa. Akanipa miwili pasi na kunisahihisha herufi, na hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza isiyokuwa na kosa katika nchi ya Wajerumani. Nikarudi na mifagio miwili katika chumba cha hatua nne. Jirani alikuwa na mtoto asiyejua bado kufunga kamba za viatu vyake. Alipoiona akaniuliza jambo, nikamjibu, akanisahihisha mara tatu, na furaha aliyokwenda nayo kwa mamake naihesabu kuwa ni sadaka niliyoitoa.

Wala tusidhani kwamba deni hili la machozi ni letu peke yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa nchi ya Bagamoyo, alikuwa Berlin akiwafundisha Wajerumani Kiswahili, na kila aliyejifunza lugha yetu tangu zama hizo ameonja yetu pia: akiisha kukariri kwa jasho kuwa kitabu kimepotea na vitabu vimepotea, huambiwa kuwa kipofu amefika, si kimefika. Na maneno yao tuliyoyapenda, Schule na Heller, tuliyatwaa tukayafanya shule na hela, die na der wao tukawaacha forodhani.

Ufagio, sasa najua, ni wa kiume: der Besen. Ule wa pili niliuacha nyuma ya mlango siku niliyohama, haujagusa sakafu.