Ua la Meru, Ndege ya Nairobi

Kule Njiro, katika Chuo cha Uhasibu Arusha, vijana wanasomeshwa ununuzi na ugavi. Elimu nzuri, hatuna ugomvi nayo. Ila chini ya Mlima Meru, upande wa Usa River, kuna mashamba ya maua, na kwa miaka mingi shehena kubwa ya maua hayo imekuwa ikipanda malori ya ubaridi, ikaupa kisogo Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa 1971 na ulio mwendo mfupi tu kutoka hapo, ikavuka mpaka wa Namanga ili ikapandie ndege Nairobi. Somo la njia ya mkato sijui limepangwa mwaka wa ngapi.

Mtaalamu atajibu kwamba ndege za mizigo ziko Nairobi kwa kuwa mizigo iko Nairobi. Kweli kabisa, na mizigo iko Nairobi kwa kuwa ndege ziko Nairobi. Hoja hii ni ngamia wa kinu: hachoki, wala hafiki. Mtaalamu ataongeza kwamba mwanafunzi hanunui ndege. Sawa, lakini kesho ndiye atakayekalia meza za zabuni na forodha, na ndiye awezaye kuyaunganisha maua na maharage mabichi ya wakulima wadogo mpaka rubani apate sababu ya kutua. Basi mtihani uwe mmoja: fikisha ua sokoni Amsterdam bila kupita Namanga. Atakayefaulu apewe shahada. Atakayefeli asihofu, nafasi za kuandaa warsha kuhusu tatizo hilo hazijawahi kuisha.