Nani Amechomeka Pasi?

Kwa umeme wa gridi ya taifa, uroho wako ni siri yako. Unaweza kuchomeka jagi la umeme, pasi na friji kwa mpigo mmoja na jirani asijue. Anayejua ni mita ya LUKU peke yake, nayo hukata uniti zake kimyakimya. Jenereta ndogo haina stara hiyo. Ukizidisha inaguna, na mtaa mzima unasikia.

Nyumba tunayopanga hapa Makorora ni ya Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani kwa nyuma. Baba mwenye nyumba alipochoshwa na giza alikwenda mjini, akarudi juu ya bodaboda kapakata jenereta kama mjukuu aliyetoka hospitali. Ubavuni ina tarakimu 950, kubwa kiasi cha kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Chini yake, kwa maandishi ya kutafutia miwani, kuna wati 650. Namba ya juu ni ya kuuzia, ya chini ndiyo ya kutumia.

"Muuzaji kasema inawasha mpaka friji," alitutangazia. Friji pamoja na nini, muuzaji hakusema.

Na hapa ni Tanga, msisahau. Mitambo ya Hale inazungushwa na mto Pangani tangu miaka ya 1960, megawati 21. Ile ya Pangani iliyofunguliwa 1995 ina 68. Tangu 2010 Pemba nayo inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka kwetu. Megawati moja ni wati milioni. Sisi, wenyeji wa mto, tukawa tunagombea wati 650 ukumbini.

Nasema ukumbini kwa sababu ndipo mashine ilipowekwa usiku wa kwanza. Baba mwenye nyumba aliwaogopa wezi. Akaiwasha, akafunga mlango wa mbele, akafunga na wa uani. Kabla hatujamaliza kupiga makofi, bibi wa chumba cha sita alitoka kajitanda kanga, akaizima kwa mkono wake.

"Shikamoo, bibi. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Kuna maiti sita mnazitafuta."

Bibi huyu ni mzaliwa wa Unguja, na kwa mambo ya giza ana shahada. Waya wa bahari wa Unguja ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa bila umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Mji Mkongwe ulinguruma jenereta usiku na mchana, yeye akiwa humohumo. Nyie mnaokatiwa jioni moja, anatuambia, mnajiona mashujaa.

Na alikuwa na haki ya kutufokea. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Ukiivuta inashika damu mahali pa hewa safi. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na anayelala nayo huenda asiamke. Kufungua dirisha hakutoshi. Mashine inakaa nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye madirisha na milango, tundu la moshi likitazama kule kusiko na watu. Mvua ikinyesha bila kibanda cha kuikinga kilicho wazi pembeni, inazimwa, watu wanawasha tochi. Sasa imefungwa mnyororo kwenye mwarobaini, na mwizi akiitaka aje na shoka.

Kisha akaja fundi wa mtaani, kijana mwenye maneno matamu. Yeye nyaya za kutambaa ukumbini aliziona za kishamba. Akatoa waya wenye plagi pande zote mbili: huku unachomeka kwenye jenereta, kule kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Bibi akauliza kama fundi ana mama. Maana umeme ule haujui kuishia ukutani. Mtu akisahau kuzima meni swichi, unatoka hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma ikilishwa kinyume inaukuza: volti 230 za jenereta zinaweza kugeuka 11,000 au zaidi kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO kaishika akijua imekufa. Hata ile plagi ya pili, ikichomoka, inabaki na meno yaliyo wazi yenye umeme. Anayetaka kuwasha nyumba nzima afungiwe chenjiova, swichi ya kutenganisha jenereta na gridi, na fundi mwenye leseni. Kijana alikunja waya wake akaondoka na soda aliyopewa.

Basi ikafika jioni ya mechi ya Simba na Yanga. Taa 6 za wati 9, televisheni ya 60, king'amuzi cha 20, feni mbili za 60 kila moja: jumla 254. Mashine inaimba vizuri, wanaume wamejaa ukumbini, hata wa mtaa wa pili. Dakika za mwisho, mpira umewekwa kwenye alama ya penati. Mara jenereta ikaguna. Taa zikawa njano, feni zikachoka, televisheni ikazima kabla mpigaji hajapiga.

"Nani amechomeka pasi?"

Hakuna aliyejibu, ila harufu ya kitambaa cha moto ilitembea yenyewe kutoka chumba cha nne. Pasi ni wati 1,000. Hata ikiwa peke yake, mashine ile haiwezi. Mwenye chumba alitoka na sare ya shule ya mwanawe, nusu imenyooka, akasema yeye alidhani mpira umekwisha.

Bibi akatunga sheria usiku uleule. Friji ya mama anayeuza barafu za ubuyu inawaka ya kwanza, peke yake, kwa sababu mota ya wati 150 ikianza kuzunguka huvuta mara tatu na zaidi kwa sekunde chache. Ikitulia, ndipo taa na mengine. Petroli haiongezwi mpaka mashine izimwe na ipoe. Kijana aliyeinua kidumu ikiwa inanguruma alichapwa kofi mkononi. Pasi, jagi na jiko la umeme, marufuku. Mkaa upo.

Nawe unayetaka kununua, jumlisha kwanza wati za vitu vyako, uzilinganishe na ile namba ndogo, si kubwa. Halafu acha nafasi ya pasi ya mpangaji ambaye bado hajahamia.