Sultani wa Nyuma ya Kabati

Jina la Sultani alipewa na kitinda mimba wetu hata boksi halijafunguliwa. Aliyemleta ni baba watoto, na hoja zake alizipanga tangu getini: sungura habweki, hafukuzi kuku wa watu, tena chakula chake ni majani, na majani ni ya bure. Muuzaji, bwana mwenye matenga ya njiwa, alimgeuza tumbo juu mara moja tu na kutoa hukumu: "Dume hili, mzee. Hakuzalii."

Mama mkwe wangu alikuja Tabata kutoka Muheza kutibiwa macho. Macho yamepona zamani. Safari ya kurudi haijatajwa. Alimpapasa Sultani mgongoni kwa vidole viwili, taratibu, akipima mnofu. "Akila pumba vizuri," akasema, "kwa nazi nzito huyu anatosha watu sita." Mtoto akaangua kilio mpaka jirani akachungulia ukutani.

Hoja ya ukimya ilikuwa ya kweli, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kuku akiharibu utamsikia. Sungura huchagua mahali pake, na huyu wetu alichagua nyuma ya kabati la televisheni. Meno yake hayaachi kuota maisha yake yote. Ya mbele huongezeka karibu milimita 2 kwa wiki, kwa hiyo lazima atafune kitu yasagike. Porini kuna mizizi na magome. Nyuma ya kabati letu kuna waya. Alianza na chaja ya dada wa kazi, akahamia waya wa spika, na jioni ya mechi ya Simba na Yanga, wageni wameshakaa na sahani ya kashata imeshazunguka, akakata waya wa king'amuzi. Aliukata kwa mshazari, safi kabisa. Fundi alipokuja kesho yake aliuliza nani kashika mkasi. Baba watoto na wageni wake walihamia kibanda umiza, wakatazama wamesimama kwa sababu mabenchi yalikuwa yameshajaa. Bibi alibaki sebuleni na kashata zake. "Mimi nilisema nazi," akasema.

Na majani ya bure? Mtaa wetu mzima umetandazwa vitofali. Ikabidi tumtegemee kijana wa baiskeli anayewakatia nyasi wenye ng'ombe, na bei yake hupanda mvua ikigoma. Nyasi zenyewe si za kumtupia tu. Zikiwa na umande zinaanikwa kwanza, na zikikauka ndizo bora, kwa sababu bila nyuzinyuzi nyingi tumbo la sungura halifanyi kazi. Ila nakiri kumtazama akila ni raha. Tembele huanza kwa kikonyo: taya linakwenda kushoto na kulia kwa kasi, kikonyo kinazama kidogo kidogo, kisha jani lenyewe linajikunja na kuingia lote, na masharubu yanaendelea kutikisika hata baada ya jani kwisha.

Sikukuu ya Idi ndiyo iliyotaka kumuua. Kila mgeni alikuja na mtoto, na kila mtoto alikuja na biskuti mfukoni. Kitumbua kikapita chini ya meza, kipande cha keki kikafuata. Kesho yake asubuhi Sultani alijikunyata pembeni, masikio ya baridi, hataki jani, na chini yake hakuna hata kinyesi kimoja. Wasiofuga sungura watasema amevimbiwa tu, atapike apone. Sungura hawezi kutapika. Maumbile yake hayaruhusu. Kinachoingia lazima kipite, na tumbo likisimama ni suala la saa, si la siku.

Jirani mmoja, mwema kupita kiasi, alikuja na kidonge cha amoksilini. Nusu tu, akasema, kiyeyushwe kwenye maji. Bwana mifugo, tuliyekuwa naye kwenye simu, alipaza sauti hadi tukaisikia chumba kizima: msithubutu! Dawa hiyo kwa mdomo huua vijidudu vinavyomsagia sungura chakula tumboni, na sungura mwenyewe hufuata. Alikuja na sindano yake, akatuachia bomba tupu la kunyweshea maji na uji wa nyasi zilizosagwa, na akaagiza asuguliwe tumbo polepole.

Nani atakesha naye? Mtoto alishalala. Baba watoto alikumbuka ana kazi asubuhi. Niliamka usiku nikakuta taa ya sebuleni inawaka, Bibi kaketi kwenye mkeka, Sultani kalazwa juu ya kanga yake mpya, na mkono unazunguka tumboni. Alikuwa anamsimulia habari za watu wa Muheza, nyingine ambazo mimi mkwewe sijawahi kuambiwa. Nikarudi kulala.

Kabla ya alfajiri alituamsha wote kwa kelele. Sultani alikuwa ameinamisha kichwa kati ya miguu ya nyuma, anakula kitu kilichotoka hapo hapo. Baba watoto aliziba mdomo akakimbilia nje. Bibi alikuwa anacheka machozi yakimtoka, kwa kuwa bwana mifugo alishamweleza: sungura hula chakula kwa awamu mbili. Zile gololi ngumu ni taka, lakini yapo mafungu laini, yanayong'aa, ambayo huyameza tena ili apate lishe iliyobaki. Akifanya hivyo, mashine imewaka. Habari ya nazi haikutajwa tena.

Kupona kukaleta fikra mpya: mgonjwa apelekwe kwa jirani seremala, ambaye ana dume la kijivu, madume wawili wacheze. Watoto waliporudi walitoa taarifa kwamba wamegombana sekunde chache tu, kisha yule wa kijivu akaanguka ubavu, akazimia, akaamka. Bibi, aliyefuga mbuzi maisha yake yote, aliwataka warudie hapo pa kuzimia. Wakarudia. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Mimba ya sungura ni siku 28 hadi 32. Mwezi huo haujatimia vizuri, Sultani akaonekana anajinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyasomba ndani ya boksi la viatu. Nikasema upele. Kesho yake manyoya yakawa yanatikisika yenyewe, na dada wa kazi akapiga ukelele kwamba boksi lina panya: vitoto vitano, uchi, vipofu, vyekundu kama pilipili mbivu. Bibi alichukizwa na mama yao kutolala navyo, mpaka alipoambiwa kwamba ananyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache, kisha anakaa mbali ili asivutie maadui. Joto lilikuwa kali, na sungura huteseka likipita nyuzi 30. Barafu za ubuyu zilitolewa kwenye friza zikapisha chupa za maji ya kugandisha.

Macho ya vitoto yalipofunguka, kama siku ya 10, seremala alibisha hodi. Alitaka vitoto viwili, haki ya mwenye dume.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa." Bibi alijifunga kanga vizuri. "Binti yangu alikuja kwako kutembea akiwa mgonjwa. Ulileta posa lini?"

"Mama, hawa ni sungura."

"Sikuuliza ni nini. Kilemba sikukiona, mkaja sikuuona, na sasa unadai watoto."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho seremala alikubali kutengeneza banda lenye vyumba viwili na wavu imara, mbao zake, misumari yetu, kwa kuwa madume yatatengwa na mama yao kabla hayajatimiza miezi mitatu. Atachukua kitoto kimoja, si viwili, wiki ya nane, na atakachochaguliwa. Akiwa tayari mlangoni akauliza kama dume lake linaweza kupita jioni kuwaona wanawe.

Bibi alikuwa ameshaambiwa kwamba sungura jike hushika mimba hata siku ile ile aliyojifungua.

"Lisalimie," akamjibu. "Mwambie mkewe hajatoka arobaini."