Juma na Baba Yake wa Miaka Kumi

Swali la 23 liliuliza hivi: umri wa baba ni mara tano ya umri wa Juma, baada ya miaka sita, umri wa baba utakuwa mara mbili ya umri wa Juma, je, baba ana umri gani sasa? Ni fumbo la kawaida, la aina ambayo wazazi huikimbia kwa kisingizio cha taarifa ya habari. Lakini kaa chini ulifanye. Juma anatoka na miaka miwili. Baba mtu ana kumi.

Nikalifanya upya kwa aljebra, kisha kwa kujaribu namba moja moja. Kumi. Hesabu imetulia, haina doa. Mwenye matatizo ni baba, maana alimpata Juma akiwa na miaka minane, yaani darasa la pili, na kesi hiyo ni ya ustawi wa jamii, si ya mwalimu wa hisabati. Nikafungua majibu nyuma ya kitabu. Wameandika D, na D ni 30.

Kazi niliyopewa ilikuwa kusahihisha kitabu cha Hisabati cha kujiandaa na mtihani wa darasa la saba, ili kitoke kama toleo la pili. Mchapishaji, ambaye simtaji kwa kuwa namba yangu ya simu anayo, aliniambia makosa ni ya hapa na pale. "Pitisha macho tu, dada. Wewe si mtu wa vitabu?" Toleo la kwanza lilikuwa limeuzwa Kariakoo hadi kwenye vibanda vya stendi, na lilipendwa kwa sababu majibu yote yalikuwa nyuma. Vitabu vya kiada vina mwenyewe. Vikikosewa nchi nzima inasikia. Mwaka 2017 makosa yake yalifika Bungeni na wakubwa wakasimamishwa kazi. Hivi vya maswali na majibu havina wa kumsimamisha. Mzazi anavinunua Agosti akiwa na hofu ya Septemba, na hofu haikagui kurasa.

Juma nilimtatua kwa kuomba mswada wa awali. Mtunzi, mwalimu mstaafu, alikuwa ameuandika kwa mkono, mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Pale aliandika "mara tatu". Weka tatu na mambo yananyooka: Juma ana sita, baba ana thelathini, baada ya miaka sita ni kumi na mbili na thelathini na sita. Aliyechapa ndiye aliyeandika mbili. Nilipompigia Mwalimu kumpa habari hakushangaa. "Mimi siku zote nimejua baba ana thelathini," alisema, kana kwamba ni jirani yake.

Makosa mengi yalikuwa ya kijana wa kompyuta. Alihamisha faili kutoka mashine moja kwenda nyingine, na njiani vipeo vyote vikaporomoka. Kile kinamba kidogo kinachokaa juu begani kwa mwenzake kikashuka kikasimama naye mstari mmoja, kikawa namba yenye haki zote. Kwa hiyo kipeo cha pili cha 15 kutoa kipeo cha pili cha 10, ambayo ni 225 kutoa 100, ilichapwa hivi: 152 – 102. Mtoto mwenye akili zake ataandika 50. Nyuma wameandika 125.

Kuna binti wa jirani yangu aliyekuwa akitumia toleo hilo. Nikamwomba daftari nione swali lile alilifanyaje. Alikuwa amepanga namba wima, amechora mstari kwa rula, akapata 50 safi kabisa. Halafu chini yake, kwa penseli, amejumlisha 75.

"Hii sabini na tano imetoka wapi?"

"Mwalimu wa tuisheni alisema kuna hatua imerukwa."

Hakuwa anatania. Darasa zima lilikuwa limejumlisha 75, na wote walipata vema. Pale ndipo nilipoelewa ninachopambana nacho. Kosa lenyewe ni jepesi, ukilishika unalifuta. Kinachosumbua ni imani. Jibu likishachapwa nyuma ya kitabu, hesabu haina tena kazi ya kulitafuta. Kazi yake sasa ni kulifikia, hata kwa kuruka ukuta.

Nikarudi kwa Mwalimu na orodha ndefu. Yeye ni mtu mzima, amefundisha watu ambao sasa wana wajukuu, na kila simu yetu ilianza na shikamoo. Jaribu siku moja kumsahihisha mtu uliyetoka kumwamkia shikamoo. Akishakuitikia marahaba umeshakaa kwenye dawati, mikono imekunjwa, na yeye ndiye mwenye chaki.

"Tuko ukurasa wa 9, Mwalimu. Kuna 10 kutoa 4 jumlisha 3. Jibu limeandikwa 3."

"Ndiyo. Tatu."

"Mimi naona ni 9."

Kimya. Nikasikia redio ya kwake inasoma matangazo ya vifo.

"Binti yangu, MAGAZIJUTO ulifundishwa?"

Nilifundishwa. Nani katika nchi hii hakuimbishwa: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Kwa Mwalimu, JU imetangulia TO, kwa hiyo unajumlisha kwanza, 4 na 3 ni 7, kisha 10 kutoa 7 ni 3, na mwenye neno aende kwa aliyetunga. Lakini ukweli ni kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Vikikutana unavifanya kama vilivyopangwa, kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha nako ni vivyo hivyo. Silabi zimepangwa foleni kwa kuwa mdomo hauwezi kutamka mbili kwa mpigo. Nilimweleza hayo kwa adabu zangu zote. Hakuyataka. Nikaona nishuke dukani.

"Mwalimu, una elfu kumi. Umetoa elfu nne za sukari na majani. Unatoka dukani unakutana na mtu anakulipa deni lako la elfu tatu. Una ngapi?"

"Tisa," akajibu hapo hapo. "Lakini hiyo ni pesa. Mimi nazungumzia hisabati."

Tulipatana kwa mabano. Ukurasa wa 9 sasa unasema 10 – (4 + 3) = 3. Mwalimu amebaki na tatu yake, na hisabati haikuguswa. Nadhani mabano yalibuniwa kwa ajili ya familia kuliko kwa ajili ya shule.

Mzee wa watu simlaumu sana, kwa sababu hata wenye mitihani mikubwa duniani wamewahi kukamatwa hapo hapo. Mei 1982, wanafunzi wapatao laki tatu wa Marekani walifanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo. Swali moja lilikuwa na duara dogo linalobingirika kuzunguka duara kubwa, nusu kipenyo cha dogo kikiwa theluthi moja ya kile cha kubwa. Likimaliza mzunguko na kurudi lilipoanzia, litakuwa limejizungusha mara ngapi? Majibu ya kuchagua yalikuwa 3/2, 3, 6, 9/2 na 9. Watunzi walikuwa na yao: mzingo wa kubwa ni mara tatu ya ule wa dogo, basi ni 3. Jibu sahihi ni 4, na 4 haikuwemo kabisa. Wanafunzi watatu wakaandika barua kulithibitisha. Swali likafutwa, alama zikapangwa upya.

Kama huamini, chukua sarafu mbili za shilingi mia. Moja ibane mezani kwa kidole, nyingine uibingirishe kuizunguka bila kuteleza. Mizingo yao ni sawa, kwa hiyo unategemea kichwa cha Nyerere kigeuke mara moja. Kitageuka mara mbili. Mzunguko mmoja unaletwa na ule mzingo, mwingine unaletwa na safari yenyewe ya kuzunguka. Mimi nilikifanya kisa hiki mbele ya mchapishaji kumwonyesha kwamba majibu ya nyuma yanaweza kukosewa popote. Alizitazama sarafu kwa makini, akasema ni mchezo mzuri, akazitia mfukoni mwake. Zilikuwa zangu.

Siku hiyo hiyo nikamgusia suala la malipo kwa kupitia kwa Donald Knuth, profesa wa sayansi ya kompyuta wa Marekani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimlipa msomaji wa kwanza kugundua kosa katika vitabu vyake dola 2 na senti 56. Senti 256 ni 2 kwa kipeo cha nane, na kwake vipeo haviporomoki. Wengi waliopata hundi zake hawakwenda benki, walizitundika ukutani. Nilikuwa najenga hoja taratibu kuelekea kwenye bei ya kila kosa. Mchapishaji akauliza kitabu chetu kina makosa mangapi. Nikamwonyesha daftari langu. Akasema tutabaki na makubaliano ya mwanzo.

Mimi na Mwalimu tulifika swali la 17. Pembetatu ina pande za sentimita 3, 4 na 8. Tafuta mzingo wake. Jibu 15. Jumlisha, kweli ni 15. Tatizo ni kwamba pembetatu hiyo haipo. Weka ule wa 8 chini, zilaze zile mbili fupi kuelekeana mpaka zigusane na sakafu, bado kuna pengo la sentimita moja katikati. Nilimchorea Mwalimu nikamtumia picha kwenye simu.

"Swali halikumwambia mtoto aichore," alijibu.

Hapo sikukubali mabano. Nilishikilia swali liondoke, na Mwalimu, baada ya kunikumbusha kwamba wanafunzi wake wa zamani hawakuwa wabishi, akaridhia. Kijana wa kompyuta akalifuta. Akalifuta kwenye majibu. Kwenye maswali akaliacha. Kuanzia hapo kila swali likachukua jibu la jirani yake wa chini, hadi mwisho wa jaribio, na hayo tuliyagundua maboksi yakiwa yameshatoka kiwandani, ilhali prufu niliyosaini mimi ilikuwa bado na 17 yake.

Aliyegundua ni mzazi mmoja, mama mkali, aliyempigia mchapishaji simu akitaka kujua kwa nini kitabu kipya kimemharibia mtoto. Kwenye toleo la kwanza mwanawe alikuwa anapata 38 kati ya 40. Kwenye hili lililosahihishwa alikuwa amepata 16. Nikauliza alikosa yapi. Alikosa yote kuanzia 17. Mtoto alikuwa amekariri herufi: 17 B, 18 E, 19 A, anazitiririsha usiku kabla ya kulala. Sikumwambia mama yake. Mchapishaji alinigeukia na sura ya mtu aliyeonewa, akaniuliza kama inawezekana kurudisha yale majibu ya zamani, "maana watu walishayazoea."

Ikaamuliwa itengenezwe karatasi ya masahihisho, ichomekwe ndani ya kila nakala. Niliiandika, nikaikagua, nikaipeleka. Kijana wa kompyuta akaipanga upya ili ienee nusu karatasi, ipungue gharama. Ilipotoka, mstari wa katikati ulisomeka: "Ukurasa wa 112, swali la 31, badala ya C soma C." Nimeambiwa walimu wawili wa tuisheni walishajadili tofauti ya C hizo mbili, na mmoja alikuwa na maelezo.

Ikabaki fedha yangu. Makubaliano yalikuwa laki tano. Nilishachukua laki mbili mwanzoni, na nilikuwa nadai elfu hamsini ya nauli za kwenda kiwandani na kurudi. Mchapishaji akachukua karatasi, akaandika mbele yangu: 500,000 – 200,000 + 50,000. Akafikiri kidogo, akanong'ona "JU kabla ya TO," akajumlisha laki mbili na elfu hamsini, akatoa, akapata 250,000. Akapiga mstari mara mbili chini yake.

Nikamwambia tumwite Mwalimu. Akasema hakuna haja ya kumsumbua mzee, tuingie kwa mhasibu. Dada yule hakuuliza habari za MAGAZIJUTO wala za mabano. Alibonyeza kikokotoo kwa mpangilio ule ule ulioandikwa, kikatoa 350,000, akatugeuzia kioo sote wawili tukione. Mchapishaji akainamisha kichwa. Nami nikakunjua mkoba.

"Hesabu ni sahihi kabisa, dada," mhasibu akasema, akivuta kitabu cha vocha. "Sasa hii elfu hamsini ya nauli, risiti zake ziko wapi?"

"Nilipanda daladala."

"Ndiyo. Niletee risiti za daladala."