Friji Lililoelea Njia ya Uzi

Friji lilikuwa la mtumba, la milango miwili, na mama mkwe alikuwa amelisubiri tangu Ramadhani. Alitaka kugandisha barafu za ukwaju na ubuyu awauzie watoto wanaotoka chuoni. Yeye anakaa Uzi, kisiwa kidogo kusini mwa Unguja. Wakati ule, kutoka Unguja Ukuu uliingia huko kwa njia ya mawe iliyokatiza mikoko, nayo ilionekana maji yakipwa na ilifunikwa maji yakijaa. Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Kwetu njia iliyopo asubuhi ipo na jioni.

Ijumaa ya tarehe 11 Septemba 2020 nilikwenda peke yangu kumjulia hali. Nilivuka saa kumi jioni kwa miguu, viatu vikavu. Nikaandika kwenye simu: Ijumaa, saa kumi, njia wazi. Nikapanga friji liende Ijumaa ya pili yake, mume wangu akishatoka kuswali. Mama nilipompigia alisema, "Ijumaa hiyo bamvua, mwanangu. Njooni saa nne asubuhi." Nilidhani anatuhurumia na jua. Nikamjibu inshallah, na sikubadilisha kitu.

Tarehe 18 tulipakia friji, godoro na kiroba cha unga kwenye kirikuu cha kukodi. Dereva alikuwa na haraka, tukafika kwenye mikoko saa nane na nusu, na mimi nikaona heri, tumetangulia. Maji yalikuwa yameanza kung'aa juu ya mawe, hayafiki vifundoni. Dereva akashusha kioo, akatazama, akasema tutapita.

Katikati ya njia injini ilikohoa mara mbili ikazima. Nilitegemea mawimbi, hayakuja. Maji yalikuja kimya, kutoka pande zote mbili kwa pamoja, yakipita kati ya mizizi ya mikoko kama yanayopanda kutoka chini ya ardhi. Kaa wadogo walianza kukwea mizizi, kisha wakakwea na matairi yetu. Kiroba cha unga kilikuwa kimesimamishwa sakafuni nyuma, na nilikiona kikinywa maji: mstari wa unyevu ulipanda polepole kitako, tumbo, mpaka shingoni. Sikuweza kukinyanyua. Godoro lilikwisha kuwa zito kama ng'ombe.

Shemeji yangu alitokea upande wa Uzi, maji yakiwa kifuani, na vijana wawili na mtumbwi. Walipotaka kulibeba friji likawashinda kwa namna nyingine: lilielea. Lilikuwa tupu na milango yake imebana, hewa ilikuwa ndani. Shemeji akalifunga kamba ya usumba kiunoni, akalikokota kama dau mpaka kisiwani, sisi nyuma yake tumeshika mtumbwi. Ilikuwa yapata saa kumi na nusu, maji yamesimama, njia yote haionekani. Ile saa niliyoiandika kwenye simu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Jioni tulikaa ufukweni tukingoja maji yapwe, gari litoke. Jua lilipotua tu, mama aliniita akaninyooshea kidole magharibi. Mwezi ulikuwa umeandama, mwezi wa Mfungo Tano, mwembamba kama ukucha, pale pale jua lilipozamia. "Umeona walivyo karibu?" akasema. "Wakiwa pamoja hivi, maji ni makubwa."

Nilirudi kwenye kauli hiyo siku nyingi, nikasoma, na kila nilichosoma kilimpa mama haki. Mwezi huivuta bahari. Upande wa Dunia unaouelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu, na upande wa nyuma huvutwa kidogo kuliko vyote, kwa hiyo maji hutuna pande zote mbili. Dunia ikizunguka, Uzi hupita chini ya kila tuta, na ndiyo sababu bahari hujaa mara mbili kwa siku. Lakini mwezi nao unatembea. Dunia ikimaliza duru yake, mwezi umekwisha kusogea, na yahitaji dakika 50 hivi kuufikia tena. Kila siku maji huchelewa hizo dakika 50. Zidisha kwa siku 7 upate karibu saa sita, na saa sita na kidogo ndio muda kati ya kupwa na kujaa. Mtu akikopi saa ya kuvuka ya wiki iliyopita, amejichagulia maji.

Jua nalo huvuta. Ni kubwa mno, lakini liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu, na mwezi uko kilomita 384,000 tu kwa wastani. Nguvu ya kutunisha maji hupungua haraka sana kwa umbali, hivyo ya jua haifiki nusu ya ile ya mwezi. Haifiki nusu, lakini ni nyingi. Tarehe 11 mwezi ulikuwa nusu, unavuta kwa pembe na jua, kila mmoja akipunguza kazi ya mwenzake. Hayo ndiyo maji mafu. Tarehe 18 mwezi ulikuwa mpya jana yake, unavuta mstari mmoja na jua, na hilo ndilo bamvua; tena siku ile ile ulikuwa umetukaribia mpaka kilomita 359,000 hivi. Tena Septemba, usiku na mchana vikikaribia kulingana, bamvua hupanda zaidi. Unguja bamvua huachanisha kupwa na kujaa kwa karibu mita 4. Mama alijua yote hayo kwa kuhesabu mwezi ngapi leo, na mimi nilikuwa na kalenda ya ukutani.

Gari lilitoka saa mbili usiku. Unga tuliumwaga. Friji lilikauka wiki mbili juani, likawashwa, likanguruma, halikugandisha. Sasa mama huwekea mchele na sukari, panya hawafiki.

Mwaka uliofuata tulinunua jingine, na safari hii siku aliichagua yeye: mwezi nane, yaani siku ya nane tangu kuandama, saa kumi jioni. Tulivuka mawe yamekauka, kaa wamo mashimoni. Nikainua macho. Mchana kweupe, mwezi nusu ulikuwa umesimama juu ya mikoko upande wa mashariki, na jua mbali nao, likielekea magharibi.